Alinichumbia kwa Mlango

Hapana, sikuolewa naye. Nakuona unavyoutazama huo mlango, ndo maana nakujibu kabla hujafungua mdomo. Nyumba ya bibi mmoja, vyumba viwili, mlango wa mbele wa mbao za mkaratusi umepinda kama mgongo wangu, halafu huku nyuma mlango wa mninga na komeo la shaba utadhani naficha vito vya mfalme. Ule wa mbele ni wa marehemu mume wangu. Huu wa nyuma ni wa Rubani. Wanaume wengine huchumbia kwa kitenge, wengine kwa mbuzi. Yeye alinichumbia kwa mlango. Mchumba akaenda zake, mlango ukabaki, na wanaofaidi ni mbuzi, wanapita humo kama wamealikwa.

Kaa basi, waitu, chukua akamwani, buni hizi kikapuni, utafune.

Jina analo, siyo siri, lakini hapa Ihembe hakuna anayelitumia. Hata Mwinjilisti wetu akimwombea kanisani humwambia Mungu, "Mtumishi wako Rubani," na Mungu anamjua. Alikuwa anarusha zile ndege ndogo za matajiri. Siyo hizi kubwa za kubanana. Zile nyembamba kama senene, injini mbili zimebandikwa nyuma matakoni, viti sita vya ngozi, tajiri amekaa anakunywa chai anatazama mawingu. Alipozeeka kidogo wakamfanya mwalimu. Anawafundisha marubani wenzake namna ya kufanya injini ikizimika mko juu ya maji, na jinsi ya kutoka ndege ikitua ziwani. Halafu akastaafu, akarudi kwenye kibanja cha baba yake hapa jirani, na kwa kuwa marubani wa kuwafundisha hakuwaona, akaanza kutufundisha sisi.

Sisi na migomba yetu. Kutoka hapa mpaka maji ya kuzamisha mtu, panda pikipiki na uwe na subira.

Sauti yake ngoja nikuigie. Anabana pua kidogo, anashusha sauti mpaka kifuani, na maneno yanatoka yamepigwa pasi. "Ndugu abiria." Hivyo. Hiyo ndugu abiria haikubanduka mdomoni mwake. Kikao cha kitongoji, ndugu abiria. Arusi, ndugu abiria. Alipomzika kaka yake alisimama mbele ya kaburi, amevaa koti, udongo bado mbichi, akasema, "Ndugu abiria, kwa niaba ya familia nawashukuru kwa kuwa nasi leo." Nilijifunika kanga uso mzima. Watu wakadhani nalia, wakanishika mabega.

Tulijuana kwa ugomvi. Aliporudi alikuja na majaketi tisa ya njano, yale ya kuvaa ili usizame, na boti la mpira limekunjwa ndani ya begi kubwa kama godoro. Muda wake wa kutumika ulikuwa umepita, ndo maana walimwachia. Siku moja akaamua kulianika. Sasa boti lile lina kamba, na kanuni yake ni kwamba ukilitupa majini kabla hujaifunga kamba kwenye ndege, upepo unalichukua, linakwenda, na nyie mnabaki mnalipungia mkono. Yeye mtu wa kanuni akatafuta pa kufunga. Akafunga kwenye mgomba wangu wa mpakani. Akavuta kile kikamba cha kulijaza. Likafanya pwaaa, likasimama juu ya kibanja kama nyumba ya bwana harusi, upepo wa mlimani ukalidaka. Kamba haikukatika, nasema kweli, kamba nzuri sana. Mgomba ndo ulikatika. Na mkungu wake, ndizi za enshakala, zimebaki wiki mbili nizivune.

Nilimtukana kwa Kinyambo mpaka nikachoka, nikaendelea kwa Kiswahili. Alikwenda kwake, akarudi jioni ile ile na karatasi ameandika makosa yake kwa namba. Nikamwambia mie sijui kusoma. Akasema atanisomea. Akanisomea makosa saba, amesimama wima, na la saba lilikuwa kwamba hakuniamkia kabla ya kufunga kamba. Mwanaume gani anasoma makosa yake mwenyewe kwa sauti? Wangu wa kwanza niliishi naye miaka thelathini na sikuwahi kusikia hata moja. Nikamkaribisha akamwani. Nilijua nimekosea siku hiyo hiyo.

Mambo ya injini alinifundisha kwa hiyo hiyo akamwani. Unajua buni yetu ya kutafuna, tunda kavu moja, ndani punje mbili zimelaliana. Akalipasua kwa ukucha. "Injini mbili," anasema. "Hii ikizimika, hii inakupeleka nyumbani. Haikubebi juu kama mwanzo. Itakushusha taratibu mpaka kwenye kimo inachokiweza, itakushikilia hapo, na ndege itakuwa inavutwa upande mmoja, wewe unaikaza kwa mguu mpaka mguu unatetemeka." Nikamuuliza, je, zikizimika zote? Akatia punje zote mbili mdomoni, akatafuna polepole. "Hapo unatafuta maji yaliyotulia, mama."

Alikuwa na mambo matatu, na mpangilio wake hauguswi. Kwanza rusha. Pili elekea. Tatu ndo useme. Maana yake injini ikifa usikimbilie redio wala usiwageukie abiria. Shika ndege kwanza iendelee kuruka. Ukishaishika, ujue unaelekea wapi, ufukwe upi uko karibu, wa nyuma au wa mbele. Kusema ni mwisho. Mie niliyeanza kusema kabla sijaota meno nikamtazama nikasema moyoni, huyu na mimi tutashindana.

Na hakuwa anafundisha tu, ndivyo alivyoishi. Mwaka ule wa nyuki tulikuwa kikaoni nje ya shule, watu kama sitini, mwenyekiti anahutubia. Mara Rubani akainuka taratibu, akakunja kiti chake, akashuka kuelekea kwenye moshi wa jiko la walimu, hatua zake zimehesabiwa, hajakimbia, hajageuka. Alipofika kwenye moshi ndo akageuka, akabana pua: "Ndugu abiria, nyuki." Wakati huo mwenyekiti alishang'atwa kope. Rubani alikuwa wa kwanza kuwaona nyuki na wa mwisho kuwataja. Tulipomfuata tumevimba alieleza kwa utulivu kabisa kwamba alifuata mpangilio.

Kanuni nyingine: injini ikizimika usiwe na haraka ya kuifunga isipate mafuta. Anasema wapo watu wazima, wenye akili, waliofunga ile nzima kwa pupa wakabaki na ile iliyokufa. Kwa hiyo mmoja anaweka mkono kwenye kishikio cha injini anasema, "Hii?" Mwenzake anatazama, anasema, "Hiyo, nathibitisha." Ndipo inafungwa. Basi Rubani akageuza maisha yetu yote kuwa hivyo. Hawezi kukata mgomba wake bila kumwita jirani athibitishe. Nilithibitisha migomba mpaka nikaota.

Alipoumwa jino akaenda kwa mng'oa meno mmoja aliyekuwa anapita siku za gulio. Akamwambia, "Daktari, onyesha, mimi nathibitisha." Yule akagusa na koleo. "Hili?" Rubani, mdomo wazi, machozi yanamtoka, "Hiyo, nathibitisha." Likang'olewa zima. Lile bovu likabaki linamtazama. Alirudi na shavu kama ndizi ya kuchoma, nikamuuliza ilikuwaje, na hakumlaumu mtu. "Mfumo ulifanya kazi," akasema. "Aliyethibitisha hakutazama." Nilicheka siku tatu. Na yeye, nikueleze ukweli, siku ya tatu alicheka pia, amejishika shavu, na mwanaume anayeweza kucheka jino lake ni hatari kwa mjane.

Mwinjilisti wetu ndo alikuwa rafiki yake mkubwa, na ndo aliyeumbuka kuliko wote. Kwaya ilikuwa inakwenda kuimba Mwanza, wavuke kwa meli kutoka Bukoba. Rubani akajitolea kuwafundisha mambo ya maji. Wote ndani ya kanisa, majaketi tisa yakagawiwa kwa zamu. Akasimama madhabahuni hivi, mikono inaonyesha kama anagawa upepo. Vaeni kichwani. Fungeni kiunoni. Vueni viatu vyenye visigino. Shikeni kiti kwa mkono mmoja msiuachie mpaka ndege imesimama, maana maji yakiingia mtu hajui juu wapi chini wapi, na mkono ulioshika kiti ndo unajua njia. Na mlango mlioingilia msiutegemee, huenda uko chini ya maji, tokeni kwa dirisha la juu ya bawa. Watu wanasikiliza kama injili. Halafu akafika penyewe: "Kikamba chekundu hakivutwi ndani. Mnavuta mkishatoka nje. Ukijazia ndani, maji yakipanda yanakubeba mpaka darini, na mlango unaukuta umeuacha chini."

Mwinjilisti ana sauti ya kuimba hata akiomba chumvi. "Kikamba ki-piii, Rubaaani?" Huku anakivuta. Pfuuu. Jaketi likamjaa mpaka masikio yakasimama. Shingo haipo. Anageuka mwili mzima kama pipa. Akashikwa na woga akakimbilia mlango mdogo wa sakristia, akakwama hapo hapo, nusu ndani, nusu nje, anaita jina la Bwana kwa sauti ya tatu. Na Rubani hakwenda kumvuta. Alimwonyesha kwa kidole. "Ndugu abiria, mmeona. Huyu mwenzetu amebaki ndani ya ndege."

Tangu siku ile jambo hilo hapa kwetu lina neno lake. Binti akitangaza arusi kabla upande wa pili hawajaleta hata salamu, tunasema amejazia ndani. Mtu akishangilia kura hazijahesabiwa, amejazia ndani. Hata watoto wadogo wanatukanana hivyo na hawajui lilitoka wapi.

Halafu huyu mwalimu wa maji hajui kuogelea. Sikuwa nimejua. Tulipokwenda msibani Nyakatuntu, njiani kuna bonde lenye maji, mvua ilikuwa imenyesha, maji yamefika hapa, kwenye kifundo cha mguu. Mie nimekunja kitenge nimeshavuka. Nageuka, Rubani amesimama ng'ambo, amekunja suruali, amekumbatia mkoba. Nikamuuliza anasubiri nini. Anasema anasoma mkondo. Akausoma robo saa. Mwishowe akapita mama mmoja na ng'ombe, Rubani akamshika ng'ombe mkia, akavuka amefumba macho. Nikamwambia, wewe uliyefundisha dunia nzima kuogopa maji vizuri, kumbe hukufundisha kuyapenda. Akasema, "Mama, anayejua kuogelea hafungi jaketi vizuri." Na kweli, la kwake siku zote lilifungwa vizuri.

Sasa hadithi ya ziwa. Alinisimulia mara moja tu, tunaanika buni, na bila mimi kumchokonoa asingesema. Walikuwa wametoka Mwanza wanaelekea Entebe, yeye na rubani mwenzake kijana. Nyuma wamekaa tajiri, mke wa tajiri na karani wao. Katikati ya ziwa, chini maji matupu, kulia maji, kushoto maji. Injini ya kushoto ikatetemeka, ikakohoa kama mtu amepaliwa na ugali, ikanyamaza. Ndege ikageuza pua. Akakaza mguu. Mwenzake akaweka mkono: hii? Rubani akatazama mishale yake, akatazama tena: hiyo. Wakaifunga. Ndege ikaanza kushuka kidogo kidogo, na wao wanapiga hesabu, nyuma ni karibu au mbele ni karibu, na mbele ilikuwa karibu kidogo tu, kama mtu kuchagua kati ya Kayanga na Kayanga.

Mke wa tajiri akaona. Wanawake tunaona. Akafungua mkanda, akaja mpaka nyuma ya kiti chake, akamuuliza kwa upole kabisa, "Baba, tunakufa?"

Na Rubani akamjibu, hajageuza kichwa: "Nitakuambia baadaye."

Yule mama akarudi kukaa. Akavaa jaketi mwenyewe, akamvalisha mumewe, hakuna aliyejazia ndani. Dakika kumi na tisa, anasema. Wakafika, wakatua kwa injini moja, magurudumu yakagusa kama mtu anayeweka yai. Siku ile hakuna aliyelowa isipokuwa tajiri, na huyo alilowa kwa maji yake mwenyewe. Wakashuka, watu wanapiga makofi, wanakumbatiana, na yule mama akamfuata Rubani kwenye ngazi. Hakupiga makofi. Alimwambia, "Baadaye imefika, niambie sasa." Na Rubani anasema alirudi ndani ya ndege kuhesabu majaketi.

Nikamuuliza mkeo alisemaje uliporudi nyumbani. Akageuza buni kwa mguu, akaisawazisha, akaigeuza tena. Hakumwambia mkewe. Mke alizisikia habari zile sokoni miezi miwili baadaye, kwa mke wa fundi. Alipomuuliza, alimjibu kwamba yeye alikuwa salama nyumbani, taarifa ingemsaidia nini. Halafu, jua limewaka, mimi nimeinama kwenye jamvi, akasema jingine ambalo sikumwomba. Mkewe alipougua, daktari alimwita yeye pembeni akamweleza ni ugonjwa gani na umebaki muda gani. Naye akamjibu daktari, "Nitamwambia." Akaanza kuhangaika, hospitali hii, hospitali ile, dawa, ndugu wa kumwogesha, nyumba ipakwe rangi. "Nilikuwa narusha, mama," akaniambia. "Nilikuwa narusha." Mkewe akafa anamuuliza kwa nini nyumba inapakwa rangi.

Sikuigiza sauti yake siku ile. Wala leo siiigizi, sikia, nimeisema tu.

Jambo zito hivyo ningelibeba wapi? Nilimwambia shangazi yangu wa Kimuli. Dada wa marehemu baba, mkongwe kupita kipimo, wa pekee aliyebaki upande ule, na masikio yalishamwacha miaka kumi. Ukimwambia jambo ni kama kulisemea ghalani. Nilikwenda kumwogesha, nikamsemea lote, huku namsugua mgongo. Nikamsemea na lingine: kwamba Rubani siku hizi akipanda kile kilima cha kisimani anasimama katikati, anashika jani la mgomba, anajifanya anakagua mnyauko. Mkono wa pili uko kifuani. Nilimuuliza mara ya kwanza, unaumwa? "Nakagua mgomba." Mara ya pili hivyo hivyo. Mgomba wenyewe ni wa mzee mwingine na hauna mnyauko wowote. Nikamwambia shangazi, huyu mtu atanioa, halafu atafia kwenye mgomba wa watu, na mie nitaambiwa na mke wa fundi. Shangazi akasema nimwongezee maji ya moto.

Ndiyo, nilijua ataniposa. Dalili zilianza na kukagua nyumba. Kila nyumba anayoingia, kabla hajakaa, anatafuta mlango wa pili. Kwake ipo mitano, mwizi akiingia anachanganyikiwa anaondoka. Kwangu akakuta mmoja. Akakaa pembeni ya kiti kama kuku anayetaka kutaga. "Mama, mlango huu ukizibwa unatokea wapi?" Nikamwambia marehemu alitokea huo huo, kwa jeneza, na hakulalamika. Hakucheka. Wiki hiyo nikaona pikipiki imebeba mlango. Mninga mzima, umefungwa mgongoni mwa dereva kama mtoto. Fundi akatoboa ukuta siku mbili, vumbi kwenye uji, na alipomaliza Rubani akanifundisha kuufungua nimefumba macho. Mkono ukutani, hesabu hatua nne, komeo, sukuma. Alinishika kiwiko. Hatua nne, waitu. Nilijifanya nimesahau ili turudie.

Nilicheka na majirani nikisema mzee kanichimbia shimo la panya. Lakini nilikuwa naupaka mafuta kila Jumamosi.

Siku ya posa ikafika. Tumezeeka, watoto wetu wamekubali kwa simu, lakini upande wa baba lazima aulizwe mtu, na mtu aliyebaki ni shangazi. Akaletwa kutoka Kimuli kwa bodaboda, amefungwa kwa kanga na dereva asidondoke, akashushwa kama mzigo wa karanga. Tukamkalisha juu ya jamvi karibu na mlango mpya. Mshenga ni Mwinjilisti, amenyoa, anaimba salamu. Na nilijua amemfanyisha Rubani mazoezi majuma mawili asiseme ndugu abiria. Majirani walikuwa wamejaa dirishani wanasubiri hilo tu.

Kwetu, ukoo wetu, mjane akikubali kuolewa tena hasemi neno. Anachagua tunda moja la akamwani kikapuni, analipasua mbele ya watu, punje moja anampa mwanaume, moja anatafuna mwenyewe. Basi. Tunda nilikuwa nimeshalichagua tangu asubuhi, jekundu-jeusi, limenona. Lilikuwa kiganjani mwangu limelowa jasho. Kwa hiyo usiulize kama nilitaka.

Rubani akasimama. Koti lile lile la msiba. Akavuta pumzi, dirishani watu wakavuta pumzi, akasema, "Wazee wangu." Mwinjilisti akafumba macho akashukuru. Akaendelea vizuri mno. Akasema paa langu litabadilishwa bati. Akasema kisima, njia ya kisimani atachonga ngazi. Akasema akitangulia yeye, kibanja kipi kinabaki kwangu, nani atanilimia, mbao zake ziko wapi zimeshakaushwa nisisumbuke. Nikitangulia mimi, vilevile. Kila jambo limepangwa, kila tundu lina kizibo. Mwanamke yeyote pale ndani angeolewa naye, na wawili walikuwa wanajisogeza. Nami nikaweka ukucha kwenye tunda.

Sasa ngoja nikueleze yaliyofuata kabla sijakueleza lililosemwa, kama alivyonifundisha mwenyewe, kusema ni mwisho. Lilisemwa neno moja. Majirani dirishani wakacheka. Na mimi nilicheka, nilicheka wa kwanza, hilo ndo kosa langu na sina pa kulipeleka. Rubani alichukua kofia yake. Hakukasirika. Aliweka mkono ukutani, akahesabu hatua, akavuta komeo, akatoka kwa mlango wa nyuma, ule ule alioniletea. Tunda nililipasua baadaye peke yangu, punje zote mbili nikatafuna mwenyewe. Hajarudi kukaa humu. Anasalimia akiwa njiani, anabana pua kidogo, nami namjibu kwa sauti yake, anatikisa kichwa. Ebitoke, ndizi za kupika, bado analeta, anaegesha hapo mpakani penye kisiki cha ule mgomba aliouvunja. Juzi nimemwona kilimani amesimama na jani la mgomba. Nilikaa hapa mlangoni nikamhesabia mpaka akaondoka.

Ilikuwa hivi. Amemaliza kusema, nami ukucha uko kwenye tunda, shangazi akaacha kutafuna. Yule kiziwi wa miaka kumi. Akasema kwa sauti yake ile ya mtungi uliopasuka, "Wewe wa ndege." Mwinjilisti akashtuka, akataka kumwandikia kwa vidole. Shangazi akamsukuma mkono. "Nakuuliza. Hiyo injini yako ya kifuani ikianza kuzimika humu ndani kwa mtoto wangu, utamwambia?"

Kumbe ghala lina masikio. Rubani akanitazama, akajua nimesema, na hakunikasirikia kwa hilo pia. Na hakudanganya, hilo nampa. Ndiyo ni neno fupi. Angesema ndiyo, ningelipasua tunda hapo hapo, tungeoana, angenificha kama alivyomficha wa kwanza, na leo ungemkuta hapo ulipokaa. Akafikiri. Akainamisha kichwa. Halafu ile sauti iliyopigwa pasi ikatoka.

"Nitamwambia baadaye, mama. Kwanza nitarusha."

Shangazi akanigeukia mimi, akatema ganda la buni kiganjani.

"Huyu hatafuti mke," akasema. "Anatafuta abiria."